Darasa la kujiandaa kujifungua, Kigoma mjini: barafu ya samaki, baluni na neno "jikaze"

Darasa linafanyika Jumamosi nne mfululizo, saa tatu asubuhi hadi saa sita, kwenye chumba cha kukodi upande wa Mwanga. Ada ni shilingi 20,000 kwa Jumamosi zote nne, na msindikizaji analipiwa 3,000 zaidi. Wanapokea wajawazito 12 kwa awamu moja, walimu ni wawili: mkunga na mnasihi. Hakuna kupimwa presha wala kupewa dawa. Kliniki unaendelea nayo kama kawaida, mahudhurio yako 8 na kadi yako. Kazi ya darasa ni moja tu, kuandaa kichwa na moyo kwa ajili ya leba. Jina la waendeshaji tunaliacha, maana tunachopima hapa ni somo lenyewe.

Kwa kifupi: pesa yake inarudi, hasa kwa uzao wa kwanza. Jumamosi ya kwanza na ya pili ni nzuri sana. Ya tatu ni nzuri ukija na mtu sahihi. Ya nne ina mapengo, na moja kati ya hayo linaweza kumponza mtu.

Kiswahili kina neno moja la kazi tatu: uchungu. Uchungu wa shubiri, uchungu wa msiba, na uchungu wa kuzaa. Kwa hiyo binti anaingia leba na neno ambalo tayari limemkunja uso. Juu yake anawekewa "jikaze". Mama yake anamwambia jikaze, wifi anamwambia jikaze, hata mhudumu anapopita anamtupia hilo hilo. Mwili hautambui kuwa hiyo ni lugha ya kutia moyo. Unatii amri kama ilivyo: meno yanaumana, mabega yanapanda masikioni, ngumi zinafungwa, makalio yanabana. Na njia ambayo mtoto anatakiwa kupita iko katikati ya hiyo misuli inayobanwa.

Darasa linaanza kwa kulipiga neno hilo marufuku. Anayelitamka, awe mjamzito au msindikizaji, anatumbukiza shilingi mia kwenye kopo. Watu wanacheka, na kufikia saa tano kopo lina kama elfu mbili hivi, ndipo mnasihi anapolimwaga mezani na kueleza sababu. Mfuko wa uzazi unakaza kwa homoni inayoitwa oksitosini. Mtu mwenye hofu kali anamwaga adrenalini, homoni ya kukimbia simba, na ikiwa nyingi mapema, mikazo inaweza kulegalega na uchungu ukavuta muda. Hofu inakaza misuli, misuli iliyokazwa inauma zaidi, maumivu yanaongeza hofu. Neno wanaloweka badala yake ni "legeza", na hawaliachi hewani: legeza taya, legeza mabega, fungua viganja, achia makalio. Kwa mpangilio huo huo, kutoka juu kwenda chini, kila mara. Taya linatangulia kwa makusudi, kwa sababu ni vigumu kubana makalio wakati mdomo umelegea. Jaribu hapo ulipokaa.

Hatuna ugomvi na wanaosema "jikaze" kwa mapenzi. Lakini kuna maneno mengine ambayo darasa lingepaswa kuyatoza zaidi ya mia, mfano ile ya "mzazi ana mguu mmoja kaburini", anayoambiwa mjamzito na kila mgeni anayepita kumsalimia. Mnasihi aliligusa kidogo akaliacha. Tungependa awafundishe wanawake jibu la kumkatisha mtu kwa adabu: "Shikamoo bibi, hiyo ya kaburi nitaisikia nikishajifungua."

Sasa baluni. Hiki ndicho kifaa bora cha darasa zima na gharama yake haifiki elfu moja. Mkunga anaingiza mpira mdogo wa tenisi ya meza ndani ya baluni, anaipuliza mpaka inafikia ukubwa wa papai la wastani, kisha anaigeuza mdomo chini. Mpira unashuka na kuziba shingo, hewa haitoki. Baluni ni mfuko wa uzazi, shingo yake ni mlango wa kizazi, mpira ni kichwa cha mtoto. Kwanza anabana ubavuni kwa viganja. Shingo haibadiliki. Hiyo ni ile mikazo ya kujaribu inayokuja na kupotea wiki za mwisho. Halafu anabana sehemu ya juu kwa vidole gumba, anaachia, anabana, anaachia. Mara ya tano, hakuna kitu. Ya kumi, hakuna. Darasa linaanza kuguna. Kufikia ya 15 au 20 shingo ndefu ya baluni imeanza kufupika, lakini bado haijafunguka. Hapo mkunga anasimama na kusema jambo ambalo kila mzazi anahitaji kulisikia kabla ya siku yenyewe: kazi imefanyika muda wote huu, ila haikuonekana kwa macho. Anaendelea kubana. Shingo ikishaisha kufupika, ndipo inafunguka, na mpira unatoka wenyewe.

Somo hapo ni la akili. Mwanamke aliyekaa saa nyingi na uchungu, akapimwa njia, akaambiwa mlango umefunguka sentimita 3, huwa anavunjika moyo kama aliyefeli mtihani. Aliyeona baluni anajua kwamba mlango hulainika na kufupika kwanza, ndipo ufunguke. Anajua pia kwamba hatua ya mwanzo haina saa maalumu. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, uchungu uliochanganya unahesabiwa kuanzia sentimita 5, na kwa uzao wa kwanza hatua hiyo kwa kawaida haizidi saa 12, kwa waliokwisha kuzaa saa 10. Ile kanuni ya zamani ya sentimita moja kila saa haiwahusu wanawake wote, na kuikariri kunaongeza presha bure.

Kasoro ndogo: baluni za bei rahisi hupasuka. Tatu zilipasuka mbele ya wajawazito, na mlipuko wa kitu kinachoigiza tumbo lako si picha ya kukaa nayo. Dawa yake ni kuivuta baluni kwa mikono na kuipuliza mara mbili kabla ya somo ili ilainike, na kutoijaza sana. Vipimo vya sentimita navyo wangevifundisha kwa vitu badala ya mchoro wa ubaoni: kizibo cha soda ni kama sentimita 3, kopo la maziwa ya unga la gramu 400 ni karibu 10. Kila nyumba inavyo.

Jumamosi ya pili ndiyo ya barafu. Wananunua pande la barafu ile ile wanayopakia migebuka, samaki wa ziwani, wanalivunja vipande vya ukubwa wa yai, wanaosha kwa maji safi na kuvifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kila mmoja anashika kipande kwenye kiganja kwa sekunde 60 huku mwalimu akitazama saa. Mzunguko wa kwanza hakuna maelekezo: watu wanakunja nyuso, wanahesabu, wengine wanaachia kwenye sekunde ya 30. Wanapumzika dakika mbili. Mzunguko wa pili wanapumua: vuta kwa pua ukihesabu nne, toa kwa mdomo ukihesabu sita, midomo ikiwa milegevu kama unapuliza uji wa moto. Mzunguko wa tatu wanaongeza sauti nzito ya chini wakati wa kutoa pumzi, "uuuuu", si kelele nyembamba ya kooni. Mzunguko wa nne msindikizaji anapumua nao na kuwakandamiza mgongo.

Wengi wanashangaa kwamba barafu ni ile ile lakini mzunguko wa nne unavumilika kuliko wa kwanza. Barafu haiumi kama leba, na mkunga anakiri hilo wazi bila kuuza maneno. Faida yake ni kumfundisha mtu umbo la wimbi: linapanda, linafika kileleni katikati, linashuka, kisha unapewa mapumziko. Mwanzoni mikazo huchukua sekunde 30 hadi 40 ikipishana kwa dakika 10 au 15. Ikichanganya inafika sekunde 60 hata 90 na mapumziko yanabaki dakika mbili tatu. Anayejua kwamba kilele hakizidi nusu dakika anapata kitu cha kushika. Na anayeyajua mapumziko anayatumia. Wanawake wengi huyapoteza wakiusubiri kwa hofu uchungu unaofuata, na kusubiri huko ndiko kunakowamaliza nguvu.

Hapa ndipo kosa la kwanza kubwa lilipo. Kabla ya kugawa barafu, hakuna aliyeuliza nani ana selimundu (sikoseli). Baridi kali ni moja ya vitu vinavyoamsha maumivu kwa mwenye ugonjwa huo, na ujauzito wenyewe tayari unamweka hatarini. Swali hilo linapaswa kuwa kwenye fomu ya kujiandikisha, na mwenye selimundu apewe zoezi jingine la dakika moja, kama kukaa bila kiti huku mgongo ukiegemea ukuta, ikiwa hali yake inaruhusu. Ukienda darasani na unajua hali yako, usisubiri kuulizwa. Hata kwa wengine, barafu isikae zaidi ya sekunde 90 sehemu moja, na isigusane na chumvi, maana barafu yenye chumvi inababua ngozi.

Kosa la pili liko kwenye pumzi. Mnasihi alifundisha vizuri nne kwa sita, kisha mwishoni mwa saa akaongeza ile pumzi ya haraka ya "hu-hu-hu" ya kwenye sinema. Dakika mbili baadaye wanawake wawili walilalamika kizunguzungu, midomo na ncha za vidole zikiwawasha. Hiyo si presha wala si njaa. Ukipumua haraka na kwa nguvu unatoa hewa ya kaboni dayoksaidi kupita kiasi, na mwili unajibu kwa ganzi na kichwa kuzunguka. Tiba yake ni kupunguza kasi na kurefusha kutoa pumzi. Pumzi fupi ina nafasi yake moja: pale kichwa cha mtoto kinapochungulia na mkunga anakwambia usisukume, unahema kidogo kidogo ili kitoke taratibu usichanike. Nje ya hapo iache.

Vivyo hivyo kuhusu kusukuma. Bado wanafundisha "vuta pumzi, funga mdomo, sukuma mpaka nihesabu kumi". Mwongozo wa sasa unataka mama asukume anaposikia mwenyewe msukumo, njia ikiwa imefunguka kabisa, na akae mkao anaoutaka, iwe kuchuchumaa, kupiga magoti, kulala ubavu au kusimama ameegemea. Kulala chali muda mrefu hufanya mfuko wa uzazi ulalie mishipa mikubwa ya damu, na mama anaweza kuona kizunguzungu huku damu inayokwenda kwa mtoto ikipungua. Mikao yenyewe waliionyesha vizuri, ila kwa mpira mkubwa wa mazoezi, ambao chumba kizima kina mmoja tu na hautakuwepo wodini. Kitanda cha leba kipo, ukingo wa dirisha upo, bega la msindikizaji lipo. Wangeanza na hivyo. Kama unanunua mpira wa nyumbani, sentimita 65 kwa mwanamke wa urefu wa wastani, 55 kwa mfupi, ujazwe mpaka nyonga zikae juu kidogo ya magoti. Chini tandika mkeka, usiuweke kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa.

Nyumbani zoezi ni dakika 10 asubuhi na 10 usiku. Wanatoa rekodi ya sauti ya dakika 11 ya kulegeza mwili, imerekodiwa vizuri, sauti ya mwanamke asiye na haraka, na nyuma yake kuna mawimbi ya ziwa badala ya muziki wa kinanda. Wanaituma kwa WhatsApp. Mwenye kiswaswadu anabaki hana kitu. Mpe fundi simu yeyote memori kadi, atakuwekea. Lakini hilo lingekuwa jukumu la darasa. Na rekodi haisaidii mtu aliyeanza kuisikiliza wiki ya 39. Wanakubali watu hadi wiki ya 37, jambo ambalo hatuliungi mkono: awamu ni ya wiki nne, na mwili unahitaji wiki tatu nne za mazoezi ili kulegea kuje chenyewe bila kufikiria. Jiandikishe kati ya wiki ya 28 na 32.

Jumamosi ya tatu ni ya msindikizaji, na katika hili Kigoma ina haki ya kujivuna. Kuanzia 2016 hadi mwisho wa 2018, vituo 9 vya serikali mkoani hapa vilijaribu utaratibu wa mwanamke kuchagua mtu wa kukaa naye wakati wa uchungu na kujifungua, na walioupata walitoka wameridhika kuliko waliozaa peke yao. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha hivyo hivyo: mwanamke mwenye mtu wa karibu muda wote anaelekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wake ni mfupi kidogo, na hatoki na kinyongo na siku ile. Hata hivyo uliza mapema kituo chako kinaruhusu nani. Wodi nyingi ni za pamoja, kitanda na kitanda, pazia likiwepo ni bahati, kwa hiyo mara nyingi anayeruhusiwa ni mwanamke.

Je, achaguliwe nani? Darasa linasema "unayempenda". Sisi tungesema asiyeogopa damu na asiye na mazoea ya kupiga simu kila dakika. Mama mzazi si lazima. Wengine wakimwona binti yao anaumia wanalia kuliko yeye. Shangazi mtulivu au dada aliyekwisha kuzaa anafaa zaidi. Kazi zake ni chache na wanazifanyia mazoezi vizuri: maji fundo mbili tatu kila baada ya uchungu, kumkumbusha kukojoa kila saa mbili, kitambaa cha baridi shingoni, na kukandamiza kiuno. Hili la mwisho lina ufundi. Weka kisigino cha kiganja kwenye mfupa ulio bapa juu kidogo ya makalio, kandamiza uchungu unapoanza, ongeza uzito kadiri unavyopanda, punguza unaposhuka, usiondoe mkono ghafla. Wanatumia mafuta ya mise, yaani ya mbegu za mchikichi, machache tu. Yakizidi mkono unateleza na mgandamizo unapotea. Wanaokosea hukandamiza uti wa mgongo wenyewe, au wanasugua haraka kama wanapiga deki, na mama anawasukuma.

Msindikizaji anafundishwa pia cha kutofanya. Kubwa ni dawa za mitishamba za kuongeza uchungu, zinazoingizwa wodini kwenye chupa ya chai. Mkunga alilisema bila kuzunguka: dawa hizo hazina kipimo, zinaweza kukaza mfuko bila kupumzika, mtoto akakosa hewa, mfuko ukapasuka. Na kama umekwisha kunywa nyumbani, mwambie mkunga, kwa sababu akikuongezea dripu ya uchungu bila kujua, ni moto juu ya moto. La pili ni ile imani, iliyopo sehemu nyingi, kwamba uchungu ukikawia ni lazima mwanamke kamtoka mumewe, basi ataje jina. Hebu fikiria mtu yuko sentimita 6, kachoka, na wifi yake anamhoji. Uchungu hukawia kwa sababu mtoto amelala vibaya, mikazo ni dhaifu, nyonga ni finyu, kibofu kimejaa, au ni kawaida yake tu. Tulipenda kwamba mada hii ilizungumzwa mbele ya wasindikizaji, nusu yao wakitazama chini.

Kuhusu hofu wana njia nzuri. Kila mjamzito anaandika jambo analoogopa kwenye kikaratasi bila jina, anakitumbukiza kwenye kopo lile lile la "jikaze". Asiyeandika anamnong'oneza mnasihi. Vinasomwa na kujibiwa kimoja kimoja. Vingi vinahusu kuchanika, kujisaidia haja kubwa mbele za watu, kufokewa, na kufa. Kuchanika kulijibiwa kwa vitendo: kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye msamba, yaani kati ya uke na njia ya haja kubwa, wakati wa kusukuma kinapunguza michaniko mikubwa, kukanda msamba nyumbani kuanzia wiki ya 34, kidole safi chenye mafuta, dakika tano, mara moja au mbili kwa wiki, kunasaidia hasa uzao wa kwanza, na kuongezewa njia hakutakiwi kufanywa kwa kila mtu kama desturi. Haja kubwa: hutokea, mkunga anaifuta, hakuna anayekumbuka. Kufokewa kulijibiwa kwa sentensi ya kukariri, "Naomba unieleze unachotaka kufanya kabla hujanishika", ambayo ni fupi, ina heshima, na mara nyingi inabadilisha hewa ya chumba. Kufa kulipitwa haraka, na huo ndio udhaifu wa Jumamosi ya nne.

Jumamosi hiyo wimbo ulikuwa "usiogope". Hofu ya leba na dalili ya hatari ni vitu viwili, na darasa linapaswa kuvitenganisha kwa sauti. Mwanamke aliyefundishwa kupumua nne kwa sita anaweza kukaa nyumbani na kichwa kinachogonga na macho yanayoona vimulimuli akidhani ni msongo, kumbe ni presha inayoelekea kwenye kifafa cha mimba. Kutoka damu, kichwa kikali kisichoachia, kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, homa, maji kutoka kabla ya wakati au yakiwa ya kijani, mtoto kupunguza au kuacha kucheza, degedege: hapo hakuna kupumua na rekodi, ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Orodha ilikuwepo kwenye karatasi waliyogawa, nyuma, kwa herufi ndogo. Ingewekwa mbele na kusomwa kila Jumamosi.

Safari nayo waliifundisha kimjini. Kanuni waliyotoa, toka nyumbani uchungu ukija kila dakika 5, ukidumu dakika moja, kwa saa nzima, inamfaa mwenye uzao wa kwanza anayekaa Katubuka au Gungu, bajaji dakika 10. Haimfai mwenye uzao wa tatu, kwa sababu kwake mambo huenda haraka. Haimfai kabisa wa Kagunga au Mwamgongo, anayetegemea boti ya kwenda Kibirizi na upepo wa ziwa usio na ratiba, wala aliyewahi kufanyiwa operesheni. Hao wanahitaji kuhamia kwa ndugu mjini au kwenye nyumba ya kusubiria, wengine huiita chigonela, wiki mbili kabla ya tarehe. Utulivu wa moyo kwa mtu wa mwambao hauanzi na pumzi. Unaanza na kujua atalala wapi kuanzia wiki ya 38 na nani atabaki na watoto.

Pengo jingine ni operesheni. Dakika tatu tu, na kwa sauti ya "tuombe isitokee". Anayeamuliwa ghafla kupelekwa chumba cha upasuaji bila kuandaliwa anaona kama ameshindwa. Yatosha dakika 20 za kumweleza kitakachotokea: atasaini fomu ya ridhaa, atawekewa mpira wa mkojo, mara nyingi atachomwa sindano ya ganzi mgongoni akiwa amekaa amejikunja kama kamba wa kukaanga, atakuwa macho, ataona pazia, atasikia kuvutwa na kukandamizwa bila makali ya kisu, chumba ni cha baridi na watu ni wengi, kutetemeka ni kawaida. Na ile pumzi ya nne kwa sita inafanya kazi hapo pia, hasa wakati wa sindano.

Karatasi ya maswali 10 ya Edinburgh, ile iliyotungwa mwaka 1987 kupima huzuni ya wazazi, wanaitumia, na ni jambo la kupongezwa. Inauliza hali yako ya siku 7 zilizopita, alama ni 0 hadi 30, na 13 kwenda juu inahitaji ufuatiliaji; swali la 10, la kutaka kujidhuru, likijibiwa ndiyo kwa kiwango chochote halisubiri kujumlisha. Tatizo ni kwamba waliijaza wakiwa wamebanana kwenye mkeka, jirani akisoma ya jirani. Hakuna atakayeandika ukweli hivyo. Mmoja mmoja, pembeni, na anayezidi alama aelekezwe kliniki siku hiyo hiyo. Kuhusu baada ya kuzaa walisema sawa: machozi ya siku ya tatu hadi ya tano ni ya kawaida na huisha ndani ya wiki mbili, yakizidi hapo ni ugonjwa unaotibika. Waliacha kitu kimoja kizito: mzazi asiyelala kabisa, anayeongea visivyoeleweka, anayesikia sauti, hasa wiki mbili za mwanzo, apelekwe hospitali leo na asiachwe peke yake na mtoto. Nyumba nyingi huanza na mganga, na siku zinapotea.

Mwanamke aliyewahi kupoteza mtoto tungemshauri aombe kikao cha peke yake na mnasihi, wanakubali bila kuongeza ada, kabla ya kuingia na kundi. Baluni na vicheko vya wenye mimba ya kwanza vinaweza kuwa vigumu kwake.

Lugha si kikwazo: wanafundisha Kiswahili, na mkunga anabadilisha kwenda Kiha pale mtu anapokwama, jambo linalowafaa pia akina mama wa Kirundi. Kama umefika wiki ya 36 na bado unataka kwenda, waombe Jumamosi ya pili na ya tatu tu, watakutoza nusu. Kula kwanza, kwa sababu chai inayotolewa ni ya rangi na andazi moja. Kanga mbili, chupa ya maji, kadi ya kliniki. Mkeka upo, mto uje na wako.